Mkimbiaji nyota akigoma, timu humkosa kweli?

Tarehe 13 Novemba 2018, ilipotimu saa kumi jioni mjini Pittsburgh, ambayo huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa sita usiku, muda uliisha. Le'Veon Bell, mkimbiaji bora wa timu ya Pittsburgh Steelers, alikuwa hajaweka saini. Kwa kutoweka saini alizipa kisogo dola milioni 14.5 za mwaka mmoja, na kwa kanuni za ligi ya NFL hakuruhusiwa tena kucheza hadi msimu ule uishe. Siku iliyofuata wenzake walifungua kabati lake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakagawana viatu vyake mbele ya waandishi wa habari, huku wanacheka.

Walikuwa na sababu ya kucheka. Siku hiyo timu yao ilikuwa imeshinda michezo sita, imefungwa miwili na kutoka sare mmoja, yote bila Bell. Kijana aliyechukua nafasi yake, James Conner, alikuwa gumzo la mji. Swali la kama timu inamkosa nyota wake lilionekana limekwisha jibiwa.

Wiki saba baadaye Steelers walikuwa nje ya hatua ya mtoano. Tangu hapo, kila mkimbiaji mkubwa wa Marekani anapogombana na klabu yake juu ya mkataba, jina la Bell hutajwa, na kila upande hulitaja kwa faida yake. Wanaotetea klabu husema: mnaona, waliendelea bila yeye. Wanaotetea wachezaji husema: mnaona, walikosa mtoano. Tuipitie hesabu yenyewe polepole, kwa sababu ina mambo ambayo kila upande huyaruka.

Kazi ya mkimbiaji ni ipi?

Msikilizaji ambaye hajawahi kuutazama mpira wa Marekani asipate shida. Uwanja una urefu wa yadi 100, na yadi moja haifiki mita moja. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani.

Njia za kusogea ni mbili. Kotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, anaweza kuurusha mpira kwa mkono kwa mwenzake aliye mbele, au anaweza kumkabidhi mtu aliye karibu naye akaukumbatia na kukimbia nao katikati ya kundi la watu wenye kilo zaidi ya 130 wanaotaka kumwangusha. Huyo ndiye mkimbiaji tunayemzungumzia. Mbele yake kuna wenzake watano wanene, ukuta wa timu, ambao kazi yao ni kusukuma wapinzani ili pengo lipatikane. Watu hawa watano hawakimbii na mpira, na majina yao hayaimbwi. Tutawarudia.

Kinachomtofautisha mkimbiaji na wenzake ni kwamba hugongwa karibu kila anapofanya kazi. Msimu wa 2017 Bell aliushika mpira mara 406, kwa kukimbia au kudaka, kuliko mchezaji yeyote wa ligi asiye kotabeki. Hebu fikiria kuangushwa chini na wanaume wakubwa mara 406 kati ya Septemba na Desemba. Kwa mfugaji mfano ulio karibu ni maksai wa jembe: anayelima vizuri ndiye anayefungwa nira kila asubuhi, na akichoka hakuna anayeuliza alilima ekari ngapi mwaka juzi.

Kwa nini Bell aligoma

Kwa usahihi, Bell hakuvunja mkataba wowote, na hili ni jambo ambalo mashabiki wengi hawakulielewa. Mkataba wake wa kwanza, ule wa kijana mpya aliyeingia ligi mwaka 2013, ulikuwa umekwisha. Kanuni za NFL zinairuhusu klabu kumzuia mchezaji mmoja kila mwaka asiende sokoni, ili mradi imlipe kiwango kilichowekwa kwa nafasi yake. Steelers walimzuia hivyo mwaka 2017 kwa dola milioni 12.1, naye akakubali. Mwaka 2018 wakamzuia tena, safari hii kwa milioni 14.5, kwa kuwa kumzuia mtu mara ya pili lazima kuongezewe asilimia 20.

Fedha ni nyingi, hilo halina ubishi. Tatizo lake lilikuwa kwamba ni za mwaka mmoja tu. Novemba 2015 Bell aliumia goti mchezoni na msimu wake ukaishia hapo. Alijua kwamba akiumia tena vile akiwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja, klabu ingemtakia afya njema na kumwachia njia. Alichotaka ni mkataba wa miaka mingi wenye fedha za uhakika, zile zinazolipwa hata ukivunjika mguu. Klabu ilimpa ofa ya miaka kadhaa, lakini fungu la fedha za uhakika ndani yake halikumridhisha. Tarehe 16 Julai 2018 muda wa kukubaliana mkataba mrefu ukapita.

Kwa kuwa hakuwa amesaini, klabu haikuweza kumtoza faini hata senti moja. Alikuwa hana kazi, kwa hiyo hakuwa mtoro. Ila kila wiki ya msimu iliyopita bila yeye kuripoti alipoteza takriban dola 855,000. Wiki 17 zikapita zote.

Wenzake wa ule ukuta hawakumwelewa. Mapema Septemba 2018, siku chache kabla ya mchezo wa kwanza, kadhaa kati yao walisema hadharani kwamba wamechoshwa naye. Wao wanalipwa kidogo kuliko yeye na wamefika kazini. Ukimsikiliza mtu anayepigana kila Jumapili ili pengo la mwenzake lipatikane, hasira hiyo inaeleweka. Hata hivyo ni hao hao ambao siku moja wangekaa upande wa pili wa meza na klabu ile ile.

Kijana aliyeingia

James Conner ni mwenyeji wa Pennsylvania, jimbo hilo hilo la Pittsburgh, na alisoma chuo kikuu mjini humo humo. Mwishoni mwa mwaka 2015, akiwa bado mwanafunzi, aligundulika kuwa na saratani ya tezi. Alitibiwa, akapona mwaka 2016, akarudi uwanjani, na mwaka 2017 Steelers wakamchagua katika raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji wapya. Mshahara wake wa mwaka 2018 haukufika dola milioni moja. Hakuna shabiki ambaye angeweza kumchukia.

Mchezo wa kwanza, tarehe 9 Septemba, ulikuwa dhidi ya Cleveland Browns. Conner alikimbia na mpira mara 31, akapata yadi 135 na kufunga mara mbili. Kwa mtu anayesoma namba tu, Bell alikuwa amekwisha sahaulika. Lakini katika robo ya mwisho, Steelers wakiongoza kwa 21-7, Conner aliudondosha mpira karibu na lango lake, Cleveland wakafunga, na mchezo ukaisha 21-21. Tusimbebeshe mzigo wote: kotabeki wao Ben Roethlisberger siku hiyo alipoteza mipira mingi zaidi, na mpiga mateke Chris Boswell alikosa shabaha katika muda wa nyongeza. Ila msikilizaji aikumbuke sare hiyo.

Baada ya michezo minne hali ilikuwa mbaya: ushindi mmoja, vipigo viwili, sare moja. Dhidi ya Kansas City Chiefs Conner alipata yadi 17 tu, na dhidi ya Baltimore Ravens 19. Wakati huo ungeuliza mitaa ya Pittsburgh, ungeambiwa bila shaka kwamba Bell anahitajika. Kisha ukaja mwezi wa raha. Atlanta Falcons, Cincinnati Bengals, Cleveland, Ravens: katika michezo minne mfululizo Conner alipita yadi 100 kila mchezo, na timu ikashinda yote. Carolina Panthers nao wakafungwa 52-21. Hapo ndipo kabati likafunguliwa na viatu vikagawanywa.

Mpaka msimu uishe, Conner alikuwa amecheza michezo 13, amekimbia yadi 973, amefunga mara 12 kwa kukimbia, na ameteuliwa miongoni mwa nyota wa ligi. Kwa kila mbio alipata wastani wa yadi 4.5. Mwaka uliotangulia Bell alikuwa na wastani wa yadi 4.0. Na timu nzima ilifunga pointi 428 mwaka 2018 bila Bell, ikilinganishwa na 406 mwaka 2017 ikiwa naye.

Mtu akikuonyesha namba hizo na kunyamaza, utasema Bell hakuwa na thamani yoyote.

Namba ambazo hazionekani haraka

Sasa tuangalie upande mwingine. Mwaka 2017, Bell akiwepo, Steelers walishinda michezo 13 na kufungwa mitatu. Mwaka 2018 walishinda tisa, wakafungwa sita, sare moja. Tofauti ya ushindi minne si ndogo.

Je, ni kwa sababu ya Bell? Vipigo vya mwisho wa msimu vina majina yake. Dhidi ya Denver Broncos walifungwa 24-17 baada ya Roethlisberger kuurusha mpira mikononi mwa adui karibu kabisa na mstari wa goli. Dhidi ya Oakland Raiders walifungwa 24-21 baada ya Boswell kuteleza akipiga teke la mwisho ambalo lingesawazisha. Boswell msimu mzima alifaulu mateke 13 kati ya 20 ya kulenga nguzo, idadi mbaya sana kwa kiwango cha NFL. Hakuna mkimbiaji duniani anayeweza kumshika miguu mpiga mateke asiteleze.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalonishawishi zaidi kuliko yadi za Conner. Timu ilibadilika tabia. Ilikimbia wastani wa yadi 90 kwa mchezo, ya 31 kati ya timu 32 za ligi, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa karibu 104. Roethlisberger alirusha mpira mara 675, akaongoza ligi nzima kwa yadi, 5,129, na akaongoza pia kwa mipira aliyonyakuliwa na wapinzani, 16. Zile pointi 428 zilitoka huko. Timu ilikuwa imehama kutoka kwa mchezo wa kutembea salama kwenda kwa mchezo wa kurusha kila wakati, na mwenye kurusha kila wakati atanyakuliwa, hasa dakika za mwisho ambapo wapinzani wanajua huna njia nyingine. Mpira ulionyakuliwa Denver ulikuwa wa aina hiyo. Kotabeki mwenye Bell kando yake, hatua chache kutoka golini, ana uchaguzi mwingine.

Na Bell hakuwa mkimbiaji tu. Mwaka 2017 alidaka mipira 85, idadi ambayo wadakaji wengi wa kazi hiyo hawaifikii. Conner alidaka 55. Si vibaya, ila ni pungufu ya 30.

Halafu kuna benchi. Tarehe 2 Desemba, dhidi ya Los Angeles Chargers, Conner aliumia kifundo cha mguu na kukosa michezo mitatu. Hapa ndipo ninapoona gharama halisi ya mgomo wa Bell. Siku ya kwanza aliyekosekana alikuwa na mbadala mzuri. Desemba yule mbadala naye hakuwepo, na nyuma yake walibaki Jaylen Samuels, kijana wa msimu wa kwanza, na Stevan Ridley aliyekuwa ukingoni mwa maisha yake ya soka. Samuels alifanya maajabu siku moja, yadi 142 dhidi ya New England Patriots, na Steelers wakashinda 17-10. Wiki iliyofuata, ugenini kwa New Orleans Saints, wakiongoza 28-24 katika robo ya mwisho, Ridley aliudondosha mpira. Walifungwa 31-28.

Kwa kawaida klabu ingetafuta mtu wa kujazia. Lakini NFL ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, na zile milioni 14.5 za Bell zilikaa ndani ya hesabu hiyo tangu Machi, zikimsubiri. Klabu haikuwa na Bell wala fedha za Bell. Zilipoachiliwa, soko lilikuwa limebaki tupu.

Siku ya mwisho ya msimu, 30 Desemba, Steelers waliwafunga Bengals 16-13, kisha wakabaki uwanjani na mashabiki wao kutazama skrini kubwa wakiomba Cleveland iwafunge Ravens. Cleveland walifungwa 26-24. Ravens walimaliza na ushindi 10 na vipigo 6, Steelers ushindi 9, vipigo 6 na ile sare ya mchezo wa kwanza. Walipungukiwa na nusu ya mchezo.

Kwa hiyo jibu langu juu ya Pittsburgh ni hili: Bell hakukosekana kwa miezi miwili, na alikosekana Desemba. Huwezi kuthibitisha kwamba naye wangeingia mtoano. Mwaka 2017 waliingia wakiwa naye, wakafungwa 45-42 na Jacksonville Jaguars nyumbani kwao, mchezo wa kwanza tu. Ila timu iliyopungukiwa na nusu ya mchezo haiwezi kusema kwamba hakuna kilichopungua.

Dallas 1993: mgomo uliofanikiwa

Wazee wa mchezo huu wanaposikia habari za Bell hukumbuka Emmitt Smith. Dallas Cowboys walikuwa mabingwa, na Smith alikuwa ameongoza ligi kwa kukimbia yadi 1,713 msimu wa 1992. Mkataba wake ukaisha, akaomba nyongeza, mmiliki Jerry Jones akakaza. Msimu wa 1993 ulianza Smith akiwa nyumbani na kijana mpya, Derrick Lassic, akiwa uwanjani. Mchezo wa kwanza Dallas walifungwa 35-16 na Washington. Wa pili walifungwa 13-10 na Buffalo Bills wakiwa nyumbani. Baada ya kipigo hicho mchezaji mwenzake Charles Haley alibamiza kofia yake ya chuma ukutani kwa hasira.

Siku chache baadaye Jones alisaini: miaka minne, dola milioni 13.6. Smith akarudi, timu ikashinda michezo saba mfululizo, ikamaliza na ushindi 12, na ikawa ya kwanza kutwaa Super Bowl baada ya kuanza msimu kwa vipigo viwili. Smith alikosa michezo miwili na bado aliongoza ligi kwa yadi, akachaguliwa mchezaji bora wa msimu na mchezaji bora wa fainali.

Tofauti kati ya Smith na Bell haikuwa kipaji peke yake. Lassic hakuwa Conner. Mgomo una nguvu kwa kadiri ya udhaifu wa mtu aliye kwenye benchi, na mgomaji hana mamlaka yoyote juu ya benchi. Bell alikaa nyumbani akisubiri simu, na kila Jumapili ya Oktoba Conner aliifanya simu hiyo isipigwe.

Melvin Gordon wa Chargers alijifunza hilo mwaka 2019. Alikosa michezo minne ya kwanza akidai mkataba mpya. Timu ikashinda miwili na kufungwa miwili, huku Austin Ekeler, mchezaji wa bei rahisi, akifanya kazi yake kwa furaha. Gordon akarudi bila mkataba mpya. Chargers wakamaliza na ushindi watano tu na vipigo 11. Mtu angeweza hata kusema waliharibikiwa aliporudi, ingawa hilo nalo litakuwa ni kumwonea.

Mwaka huo huo Ezekiel Elliott wa Dallas aligomea mazoezi, akashinda: siku chache kabla ya msimu alipewa nyongeza ya miaka sita yenye thamani ya dola milioni 90. Dallas walimaliza na ushindi nane na vipigo nane. Machi 2023 walimwacha, baada ya msaidizi wake, Tony Pollard, kumpita kwa yadi. Klabu nyingine zilikuwa zinatazama.

Bei ya nafasi hii ilishuka

Tazama mwenendo wa fedha. Mwaka 2017 kumzuia mkimbiaji kwa mwaka mmoja kuligharimu dola milioni 12.1. Mwaka 2023, miaka sita baadaye, kulikuwa milioni 10.1. Katika kipindi hicho hicho mapato ya ligi yalipanda na mishahara ya nafasi nyingine ikapanda nayo; kumzuia mdakaji mwaka 2023 kulikuwa karibu milioni 20, na kotabeki zaidi ya milioni 32. Ni mkimbiaji peke yake aliyerudi nyuma.

Klabu zimejifunza hesabu rahisi. Kila mwaka vyuo vikuu vinatoa vijana wenye miaka 21 au 22 ambao miguu yao haijachoka. Unamchukua mmoja, unamtumia miaka minne kwa mshahara mdogo, kisha unachukua mwingine. Kwa bahati mbaya, miaka hiyo minne ndiyo bora ya maisha ya mkimbiaji. Anapofikia kudai malipo ya kazi aliyoifanya, klabu inamlipa kwa kazi atakayoifanya, na hiyo haina uhakika. Tangu makubaliano mapya ya ligi ya mwaka 2020, mchezaji mwenye mkataba anayegomea kambi hutozwa faini ya hadi dola 50,000 kwa siku, kwa hiyo mlango wa kugoma umekuwa mwembamba zaidi.

Hapo ndipo alipoingia Saquon Barkley. Mwaka 2023 New York Giants walimzuia kwa mwaka mmoja. Alilalamika, akafikiria kugoma, mwishowe akasaini na kucheza. Machi 2024 wakamwacha aende Philadelphia Eagles, mahasimu wao wa kundi moja. Msimu huo alikimbia yadi 2,005, na tarehe 9 Februari 2025 akatwaa Super Bowl kwa kuwafunga Kansas City Chiefs 40-22. Giants walishinda michezo mitatu na kufungwa 14.

Ushahidi gani mwingine unahitajika? Subiri kidogo. Aliyechukua nafasi yake New York, kijana mpya Tyrone Tracy, alipata wastani wa yadi 4.4 kwa kila mbio. Barkley mwenyewe, mwaka wake wa mwisho New York, alikuwa na 3.9. Kwa hesabu ya yadi Giants hawakumkosa hata kidogo! Barkley yule yule, nyuma ya ukuta wa Philadelphia, ambao ulikuwa miongoni mwa kuta bora za ligi, alipata 5.8.

Ndiyo maana nilisema tutawarudia wale watano wanene. Tunapouliza kama timu inamkosa mkimbiaji, nusu ya tunachokipima ni wao. Conner alikimbia vizuri Oktoba 2018 nyuma ya ukuta ule ule uliomtengenezea Bell mapengo yake, wale wale waliomlaumu kwa kutofika kazini. Ukuta mzuri humfanya mbadala aonekane nyota, na ukuta mbovu humfanya nyota aonekane wa kawaida. Klabu inayoamua kumwacha nyota aende inapaswa kwanza kujua ina ukuta wa aina gani.

Huku kwetu tulishuhudia kisa cha jamii hiyo. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliondoka Yanga akisema amevunja mkataba wake; shirikisho likaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa nje nusu msimu. Yanga bila yeye ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara na Kombe la Shirikisho la nyumbani, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers. Juni 2023 akauzwa Azam. Wapo wanaosema kombe lile la Afrika lingekuja na Fei uwanjani. Wapo wanaosema timu ilicheza vizuri zaidi bila kelele zake. Ni ubishi ule ule wa Pittsburgh, na ni bao moja tu linalotenganisha pande mbili.

Na Bell je?

Machi 2019, akiwa huru, alisaini New York Jets kwa miaka minne na dola milioni 52.5, ambazo milioni 35 zilitajwa kuwa za uhakika. Kwa upande wa fedha za uhakika, alipata alichokuwa anakitafuta. Kwa upande wa mpira hakuwahi kuwa tena mtu yule. Nyuma ya ukuta dhaifu wa Jets alipata wastani wa yadi 3.2 kwa mbio, na Oktoba 2020 wakamwacha.

Steelers nao walipata kitu. NFL huzipa fidia klabu zinazopoteza wachezaji huru, na kwa kuondoka kwa Bell walipewa nafasi moja ya ziada ya kuchagua kijana mwaka 2020. Walimchukua mkabaji aitwaye Alex Highsmith. Mwaka 2023 walimpa Highsmith mkataba wa miaka minne wa dola milioni 68, zaidi ya Bell alizopata Jets.

Kabla ya hapo, tarehe 22 Desemba 2019, Steelers walisafiri kwenda kucheza na Jets wakiwa bado wanapigania nafasi ya mtoano. Bell aliubeba mpira mara 25 na kupata yadi 72, siku ya kawaida tu. Jets walishinda 16-10. Wiki iliyofuata Steelers walifungwa tena, na kwa mwaka wa pili mfululizo wakautazama mtoano kwenye televisheni.